Stoo ya marehemu baba: dawa za kahawa, betri na sindano tuvipeleke wapi?

Swali: Shikamoo mzee. Naandika kutoka Machame. Baba yetu alifariki mwezi wa tatu, na baada ya matanga tumefungua stoo yake. Tumekuta chupa na vidumu vya dawa ya kahawa, vingine lebo imeshaliwa na mende. Kuna mfuko wa unga mweupe usio na jina, kikopo cha alumini chenye vidonge ambavyo kaka anasema ni vya mahindi, betri moja ya gari na mbili za sola, dumu la lita 20 la oili chafu, makopo ya rangi, taa zilizoungua, kipimajoto cha kioo, na mfuko wa dawa zake za kisukari pamoja na sindano alizotumia. Shemeji anataka tuchimbe shimo nyuma ya migomba, tuchome vyote kisha tufukie. Mama naye analitaka lile dumu la bluu la dawa, aweke maji ya mvua. Jumamosi ndugu wote watakuwepo. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba binti yangu, na poleni sana kwa msiba.

Kabla ya mengine yote: msichome, msifukie, msimwage. Tieni kufuli kwenye stoo na watoto wasisogee mlangoni. Vitu hivyo vimekaa humo miaka na miaka, vinaweza kungoja wiki nyingine mbili bila kumdhuru mtu. Kitakachowadhuru ni kutaka Jumamosi jioni stoo iwe tupu.

Shemeji yako msimcheke. Hilo shimo tuliwafundisha sisi. Nilipoanza kazi ya bwana afya nilizunguka vijijini nikikagua mashimo ya taka, na asiye na shimo nilimwandikia onyo. Kwa maganda ya ndizi na majani ya mgomba, ushauri ule ulikuwa sahihi na bado ni sahihi. Tatizo ni kwamba siku hizo hatukumwambia mtu kwamba shimo linaozesha kinachooza tu. Dawa ya kahawa haiozi pamoja na maganda, na risasi ya kwenye betri haitaoza hata wajukuu wenu wazeeke.

Moto nao una mipaka yake. Kuteketeza kiuatilifu, yaani dawa ya wadudu na magonjwa ya mimea, kikaisha kweli kunahitaji tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,100, na moshi wake upite kwenye vichujio. Moto wa shimoni, wenye majani mabichi na plastiki, haufiki huko. Unachofanya ni kuigeuza dawa iwe moshi, na anayeuvuta kwanza ni yule aliyeshika kijiti cha kuchochea. Vitu vyenye klorini ndani yake, kama viuatilifu vingi vya zamani na baadhi ya plastiki, vikiungua kwa joto dogo hutoa sumu ziitwazo dioksini. Hizo hutua kwenye majani. Ng'ombe wenu wa bandani huletewa majani hayo hayo, dioksini hukaa kwenye mafuta ya maziwa, na maziwa mnayanywa nyinyi. Halafu kuna makopo ya dawa ya mbu ya kupuliza, ambayo hukujayataja lakini sijawahi kuona stoo isiyo nayo. Yakiingia motoni hulipuka.

Kufukia pale Machame ndiko kunakonitia hofu zaidi. Udongo wenu ni wa volkano, unapitisha maji, na kihamba chenu, hilo shamba la nyumbani, bila shaka kina mfereji unaopita pembeni au kwa jirani wa chini. Mkifukia sumu nyuma ya migomba, masika ya kwanza itaanza kushuka kwa watu ambao hawakuwa kwenye kikao chenu cha familia.

Nitakupa mfano wa hapa hapa nyumbani. Kule Vikuge, wilaya ya Kibaha mkoani Pwani, shehena ya viuatilifu iliyoletwa kama msaada mwaka 1986, ikiwamo DDT, dawa ya zamani ya kuua wadudu, iliwekwa kwenye banda lisilo na kuta kwenye shamba la serikali. Banda likaanguka, mvua ikanyesha juu ya mzigo. Zaidi ya miaka kumi baadaye, watafiti walipochukua udongo wa eneo lile bado waliikuta DDT ya kutisha, na si pale banda lilipokuwa peke yake. Ilikuwa imesambaa. Yenu ni chupa chache tu, najua, lakini sumu ile ile inafuata maji yale yale.

Sasa Jumamosi. Wachague watu wawili wazima wenye afya, wasiwe wengi. Mjamzito au anayenyonyesha asiwemo, hata kama ndiye mwenye bidii kuliko wote. Wavae mikono mirefu, mabuti ya mvua na glavu nene za mpira, zile za kufanyia usafi. Glavu nyembamba za hospitali hupitisha dawa nyingi za mimea baada ya muda mfupi. Barakoa ya kitambaa itazuia vumbi kidogo tu, mvuke haiuzuii, kwa hiyo kinga yenu kubwa ni hewa. Fungueni mlango na dirisha, mkae nje nusu saa ndipo muingie, na kila kitu kipangiwe nje juu ya turubai, upepo ukiwa mgongoni kwenu. Kusiwe na sigara wala chai ya kunywea kazini. Ndoo ya maji na sabuni iwe karibu.

Anzeni na kile kikopo cha alumini, ambacho wewe umekitaja kwa kupita na mimi ndicho kilichonifanya nikujibu haraka.

Vidonge vya kuhifadhia mahindi vilivyo kwenye kikopo cha alumini kwa kawaida ni fosfidi ya alumini. Wengi wanavijua kwa jina la Phostoxin. Vikikutana na unyevu, hata unyevu wa hewa tu, hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua dumuzi na fukusi ghalani. Huua binadamu pia, na hospitali haina dawa maalumu ya kuipinga. Madaktari huhangaika na moyo na pumzi za mgonjwa tu. Kwa hiyo kikopo hicho kisifunguliwe kuona kama bado vimo. Kisioshwe. Kisimwagiwe maji hata kama kinatoa harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Mkisikia harufu hiyo, tokeni nje wote, acheni mlango wazi, msirudi siku hiyo. Kama kimefungwa vizuri na hakina harufu, kiwekeni peke yake ndani ya ndoo kavu yenye mfuniko, kwenye kivuli, mbali na nyumba ya kulala. Mazoea yetu kwamba kila uchafu dawa yake ni maji yameshaua watu kwa kitu hiki.

Kisha dawa za kahawa. Naweza kukisia zilivyofika kwa baba. Enzi za vyama vya msingi, pembejeo zilikuja kwa mkopo, mkulima anakatwa kwenye malipo ya kahawa. Magonjwa ya kahawa, chulebuni na kutu ya majani, yalipigwa kwa dawa za shaba, na wadudu kwa dawa kali zaidi. Baada ya soko huria miaka ya 1990 kila mtu akawa anajinunulia, na aliyekuwa na akiba aliitunza kama dhahabu. Hakuna mkulima wa Kilimanjaro wa umri wa baba yako aliyetupa dawa aliyoilipia.

Zipangeni kwa kutazama lebo zilizobaki. Chini ya lebo nyingi kuna mkanda wa rangi: mwekundu ni sumu kali sana, njano inafuata, kisha bluu, na kijani ndiyo yenye ukali mdogo. Mrututu, ambao ni dawa ya shaba, mtautambua kwa rangi yake ya samawati na chenga zake kama chumvi ya mawe. Huo si mkali kwa mtu kama zile za wadudu, lakini ukiingia mferejini unaua samaki, na kondoo wanadhurika na shaba haraka kuliko mnyama mwingine yeyote wa bandani. Mkikuta chupa iliyoandikwa Thiodan, au neno endosulfani popote kwenye lebo, hiyo imewekwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, makubaliano ya mataifa ya kukomesha sumu zisizooza, tangu 2011 na haina matumizi tena. Msimgawie jirani kwa huruma. Msijaribu kuimaliza kwenye nyanya.

Unga mweupe usio na jina nao ni sumu mpaka mtaalamu aseme vingine. Unaweza kuwa DDT, unaweza kuwa dawa ya ghalani, unaweza hata kuwa chokaa. Hakuna kunusa, na tafadhali hakuna kuonja kwa ncha ya ulimi, mtindo ambao nimeuona kwa wazee kwa macho yangu. Uacheni kwenye mfuko wake, mfuko huo muutie ndani ya mfuko mwingine wa nailoni nzito, mfunge. Chupa isiyo na lebo ifanyiweni vivyo hivyo. Msihamishe dawa kutoka chupa moja kwenda nyingine ili kupunguza idadi, wala msichanganye mabaki mawili yanayofanana rangi. Chupa inayovuja isimamisheni ndani ya ndoo yenye vumbi la mbao au majivu makavu. Kilichomwagika sakafuni kifunikeni kwa vumbi hilo hilo, kiache kinyonywe, mkizoe kwa kipande cha boksi, na mzoo huo nao ni sumu, uende kwenye ndoo.

Tafuteni pipa la plastiki lenye mfuniko wa kukaza. Tandikeni vumbi la mbao chini, simamisheni chupa wima, jazeni nafasi kati yake kwa vumbi zaidi. Juu andikeni kwa kalamu isiyofutika: SUMU, USIFUNGUE, na tarehe. Mwenye kuandika vizuri aorodheshe kila kitu kwenye daftari, jina kama lipo, kiasi cha kukadiria, na mpige picha za lebo kwa simu. Orodha hiyo itafanya kazi kubwa kuliko pipa lenyewe, kwa sababu ndiyo mtakayompelekea bwana shamba wa kata.

Ndiyo, daftari na picha ndivyo vinavyosafiri. Mzigo unabaki. Kila mwaka namsikia mtu aliyepakia chupa za namna hii kwenye Hiace, katikati ya abiria na mkungu wa ndizi, akaipeleka sumu mjini kwa nia njema. Mwambieni bwana shamba awaunganishe na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyochukua kazi za ile TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu, tuliyoizoea. Makao yake yako Arusha, si mbali nanyi. Wanaposoma orodha wanaweza kujua ni kipi kinaondolewa kwanza na kwa utaratibu gani. NEMC, baraza la taifa la mazingira, nao wana ofisi ya kanda Arusha.

Sitakudanganya kwamba gari litakuja wiki ijayo. Kwa kaya moja moja, hatuna bado mfumo wa kuzungukia taka hatarishi kama lori la taka za kawaida linavyozungukia mitaa ya mjini. Inawezekana pipa likakaa kwenu miezi, pengine zaidi. Ndiyo maana nimelisemea sana. Pipa lililofungwa, lenye jina, ndani ya stoo yenye kufuli, lililoinuliwa juu ya mbao lisiguse sakafu, mbali na pumba za ng'ombe na mbegu, ni salama mara nyingi kuliko kitu chochote mtakachokifanya kwa jembe na kiberiti. Watu huona aibu kuendelea kukaa na sumu, wakidhani hawajamaliza kazi. Nyinyi kazi yenu itakuwa imekwisha siku ile mtakapofunga mfuniko. Na kama majirani watano wana stoo kama yenu, na nina hakika wanazo, pelekeni orodha moja kupitia kwa mtendaji wa kijiji. Ombi la kijiji hujibiwa haraka kuliko ombi la nyumba moja.

Betri ni habari nyingine, kwa kuwa hizo zina mnunuzi. Betri ya gari, na zile za sola za aina hiyo hiyo, zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na risasi inayeyushwa ikatumika tena. Wanunuzi wa chuma chakavu wanazipokea kwa kilo. Ziuzeni zikiwa nzima. Watu hupasua betri wakamwaga tindikali ili kutoa vipande vya risasi, wengine wakayeyusha jikoni kutengeneza vyuma vya kuzamishia ndoano. Hapo ndipo msiba unapoingia. Kwenye kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, Dakar, Senegal, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sababu udongo wa mtaani ulijaa risasi ya betri za magari, na watu walikuwa wakiuchekecha na kuuhifadhi majumbani. Karibu zaidi na sisi, mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa ulipakana na kiwanda cha kuyeyusha betri mpaka kilipofungwa 2014. Mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, na kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, iliyoirudisha fidia hiyo Desemba 2024. Fidia haiwezi kuirudisha akili ya mtoto aliyekua akivuta vumbi la risasi. Kwa mtoto hakuna kiwango kidogo kinachosemekana ni salama.

Kwa hiyo mnunuzi akija, muulizeni anazipeleka wapi. Kanuni za taka hatarishi za mwaka 2021 zinamtaka anayekusanya na kusafirisha vitu hivi awe na kibali. Anayetaka kuzipasua pale pale uani kwenu ili ziwe nyepesi kubeba kwenye pikipiki, mnyimeni hata akiongeza bei. Hadi hapo ziwekeni wima ndani ya beseni la plastiki, na anayezibeba avae nguo asiyoipenda, maana tindikali ikimgusa hutoboa. Ikimwagikia ngozi ni maji mengi, dakika kumi na tano au zaidi. Hapo maji ndiyo yenyewe.

Betri ndogo za tochi na redio hukuzitaja. Mkizikuta, msizitumbukize chooni. Ipo imani kwamba zinapunguza kina cha choo kisijae. Hazifanyi hivyo, zinaacha metali zao chini, jirani na maji ya kisima. Wekeni kwenye chupa ya plastiki kavu yenye kifuniko, na zile bapa kama kitufe zibandikeni solotepu pande zote mbili. Mtoto akimeza kitufe hicho ni hospitali saa hiyo hiyo, maana kinaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili.

Oili chafu pelekeni gereji inayokusanya mapipa kwa ajili ya wanunuzi, kidumu kikiwa kimefungwa. Najua matumizi yake ya asili kwetu: kupaka nguzo za banda zisiliwe na mchwa. Sipendi. Ina metali za injini na masizi yanayohusishwa na saratani, ng'ombe hujisugua kwenye nguzo hizo hizo, na mvua huiosha ikaingia ardhini.

Rangi haitaki maneno mengi. Ile ya maji, kama kopo bado ni zima, mpeni fundi au mpake choo. Iliyobaki kidogo changanyeni na mchanga ikauke kabisa, itoke na taka za kawaida. Rangi ya mafuta na tina, ile ya kuzimulia rangi, hazikaushwi hivyo. Zifungwe na ziwekwe pamoja na orodha yenu, mbali na moto.

Taa zilizoungua zitazameni vizuri. Za mduara za zamani zenye waya ndani hazina sumu, ni kioo tu. Zile nyeupe zilizosokotwa, na mirija mirefu, zina zebaki kidogo, chini ya miligramu 5 kwa ile ya kusokota. Zisivunjwe, zirudisheni kwenye boksi lenye karatasi. Kipimajoto cha kioo chenye uzi wa fedha ndani kina zebaki mara mia moja au zaidi ya hiyo, karibu nusu gramu hadi gramu nzima. Mkataba wa Minamata, makubaliano ya mataifa kuhusu zebaki, ulioanza kutumika 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuingiza vipimajoto hivyo, kwa hiyo cha baba ni masalia. Kama ni kizima, kiviringisheni kitambaa, kitieni kwenye chupa ngumu, mwulize mganga wa zahanati yenu kama wanakusanya na vya kwao. Kikivunjika, utaona matone yanakimbia sakafuni kama shanga, na watoto watataka kuyachezea. Watoeni nje, fungueni madirisha. Usifagie, ufagio huyapasua yakawa madogo zaidi. Yasukume kwa vipande viwili vya karatasi ngumu yaungane, yavute kwa bomba la sindano lisilo na ncha, madogo yaokote kwa solotepu, kila kitu kiingie kwenye chupa ya kioo yenye maji kidogo na kifuniko.

Dawa za kisukari. Vidonge vilivyobaki, hata kama tarehe haijaisha, msimpe shangazi mwenye kisukari. Dozi ya baba ilipimwa kwa ajili ya baba, na insulini iliyokaa stoo bila ubaridi haijulikani nguvu yake. Rudisheni kwenye duka la dawa au kituo cha afya alikokuwa akihudhuria, waulizeni kama wanapokea ili ziingie kwenye utaratibu wao wa kuteketeza. Wakikataa, toeni vidonge kwenye pakiti, vikorogeni na majivu yenye maji au machicha ya kahawa mpaka hakuna mtu wala kuku atakayevitamani, fungeni kwenye mfuko, vitoke na taka za kawaida. Chooni visiende, na mferejini kabisa visiende.

Sindano zinahitaji chupa ya jiki iliyokwisha, ile ngumu ya plastiki. Msizirudishie vifuniko kwa vidole, watu wengi hujichoma hapo. Ziokoteni kwa koleo, ziingie ncha mbele, chupa ikifika robo tatu ifungeni na mzungushe solotepu. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku saba, na hata sindano ya miaka miwili bado inachoma na kuingiza pepopunda. Chupa ipelekeni kituo cha afya chenye tanuri, wakaitie pamoja na maboksi yao ya sindano. Sijawahi kusikia muuguzi akimfukuza mtu aliyeleta sindano zilizofungwa vizuri. Aliyezileta kwenye mfuko wa rambo anafukuzwa, na ni haki yake.

Stoo ikishakuwa wazi mtataka kuisafisha. Msifagie vumbi kavu. Nyunyizeni vumbi la mbao lenye unyevu kidogo, lile kopo la vidonge likiwa limeshatoka, kisha mfagie taratibu na mzoo uingie kwenye pipa. Mkideki baadaye, maji ya deki yasielekezwe mferejini. Na mwenye kupenda harufu ya usafi asichanganye jiki na dawa ya choo yenye tindikali. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, na chumba kidogo kama stoo hakina pa kuikimbia.

Wakati wote huo, mmoja wenu awe anawatazama wanaofanya kazi. Mtu akianza kutoka jasho jingi na mate, macho yakaona ukungu, kifua kikabana, mwondoeni hapo, mvueni nguo, mwosheni kwa maji na sabuni, mpelekeni hospitali na picha ya lebo. Akiwa amemeza, msimtapishe na msipoteze muda kutafuta maziwa. Maziwa hayaondoi sumu, yanachelewesha safari tu. Hilo lihusishe pia na mafuta ya taa: kama baba aliyaweka kwenye chupa ya soda, na wengi huweka, tafuteni chupa hiyo mapema kabla mjukuu hajaiona. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa akitapishwa, yanarudi kupitia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Nguo za kazi zifuliwe peke yake siku hiyo hiyo.

Limebaki dumu la bluu. Mama ana hoja, ni dumu zuri na madukani bei imepanda. Lakini plastiki hunyonya dawa kwenye kuta zake na kuirudisha polepole, na kuosha kwa jivu na maji ya moto hakuifikii. Nimewahi kuona familia nzima ikitapika baada ya kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyolazwa kwenye dumu ambalo mama mwenye nyumba aliapa ameliosha mara kumi. Kwa dumu ambalo dawa yake imekwisha, mkulima anayepulizia bado husuuza mara tatu na kuyamimina maji ya kusuuzia ndani ya bomba la kupulizia, yaishie shambani kwenye mimea iliyoandikwa kwenye lebo. Nyinyi hampulizii, kwa hiyo msisuuze. Likaze kifuniko kama lilivyo, liingie kwenye orodha ya bwana shamba. Litobolewe na wale watakaolipokea, lisiwe la mtu tena. Mama mwambieni kabla ya Jumamosi, na mumnunulie jipya mapema. Mkichelewa, Jumapili asubuhi mtalikuta chini ya bomba la bati, limejaa maji.